Upepo Niliouandika Bila Kuuona

Siku mliponiaga kwenye kituo chetu cha hali ya hewa, mmoja wenu aliniuliza, tukiwa bado tumeshika vikombe vya chai, kama Nyeri inaweza kupigwa na tufani. Nikasema haiwezi, nikaongeza sukari. Jibu lenyewe lilikuwa la kweli. Ile tufani kubwa ya kupewa jina huzaliwa juu ya bahari yenye joto, na ikiingia nchi kavu huishiwa nguvu kama gari lililokatiwa mafuta. Haina njia ya kupanda mpaka huku kwetu. Lakini nilipofika nyumbani niliona nimewapunja. Mtu aliyeng'olewa paa haulizi kama upepo ulitoka baharini. Basi naandika haya kwa ajili yenu mliobaki na vipimo: jinsi nilivyofundishwa kusoma nguvu za upepo, na jinsi nilivyousoma vibaya mara moja, mtu akakaa rumande.

Nilifika Nyeri mwaka wa pili wa uhuru, nikitoka Ukambani na koti moja. Kufikia jioni nilikuwa nimegundua kwamba lile si koti, ni shati nene. Msimamizi wa kituo alikuwa Mzee Athumani, mzaliwa wa Majengo, hapa hapa mjini. Babake alikuwa Mnubi na mamake Mgikuyu, na watu walipomuuliza kabila alisema yeye ni mtu wa mawingu. Wakati wa vita vikuu alikuwa akisoma vipimo katika uwanja wa ndege Nanyuki, kwa vijana wa Kizungu waliotaka kujua kama watatua salama au wataangushwa. Kazi hiyo ilimfundisha kutosema jambo asilolijua.

Asubuhi yangu ya kwanza hakunionyesha kitabu wala mashine. Alinisimamisha katikati ya nyasi, akafunga mikono nyuma.

"Mutisya, upepo huu ni namba ngapi?"

"Sijaangalia kwa mashine, Mzee."

"Sijakuuliza mashine inasema nini. Mashine nitaiuliza mwenyewe."

Sikujua kwamba upepo una namba. Akanieleza: zinaanza sifuri, moshi unapopanda wima, mpaka kumi na mbili, ambayo ndiyo tufani yenyewe, maili sabini na tatu kwa saa na kuendelea. Katikati hapo, kila namba ina ishara yake. Ya pili unaisikia usoni. Ya nne inainua vumbi na karatasi. Ya sita, mwavuli unakuwa mzigo. Ya nane inavunja vijiti vya miti na kukuzuia usitembee mbele. Ya tisa inaanza kugusa nyumba. Ya kumi inang'oa miti. Kwa mwezi mzima alinikataza kusoma mashine kabla sijaandika namba yangu kwa macho. Mara nyingi nilikosea, naye hakunicheka. Alikuwa anaweka tiki ndogo ya penseli pale nilipopata, na pale nilipokosa hakuweka kitu. Mpaka leo sijui adhabu iliyo kali kuliko ile nafasi tupu.

Jedwali la namba hizo lilikuja na kasoro moja. Liliandikwa kwa nchi ya vigae na mabomba ya moshi, nasi hatukuwa na vigae wala mabomba. Mzee Athumani alikuwa ameandika lake pembeni, kwa mkono, la Nyeri. Jani la mgomba huchanika mapema, upepo wa tano tu, kwa hiyo likichanika usikimbie. Bati lililolegea huanza kupiga kelele kwenye namba ya sita. Nguo zikitoka kwenye kamba pamoja na vibanio, hiyo ni saba. Mtu akikwambia upepo umeangusha miwati yake, muulize kwanza miti mingine imefanyaje, maana mwati mzee mizizi yake ni ya juu juu, unaweza kuangushwa na ng'ombe anayejikuna. "Kila shahidi ana udhaifu wake," alisema, "na mti ni shahidi kama wengine."

Mashine yenyewe, anemometa, bado mnayo aina yake. Vikombe vinazunguka juu ya nguzo, na chini yake kuna tarakimu zinazotembea kama zile za kuhesabu maili za gari. Unasoma tarakimu saa tatu, unasoma tena saa sita, unatoa, unagawa, unapata mwendo wa upepo. Ilitaka mafuta kidogo kila wiki na fimbo ya kufukuzia nyigu, ambao waliamini tumewajengea nyumba. Baadaye serikali ilituhamisha kutoka maili kwenda kilomita. Tulibadilisha fomu zote. Upepo haukuarifiwa.

Somo moja zaidi la miaka hiyo, kisha nifike ninakotaka kufika. Tulitumwa Mwea kuangalia mpunga uliolala. Wakulima walikuwa na uhakika kwamba ni upepo mkali uliopita. Mzee Athumani alivua viatu, akaingia ndani ya maji mpaka magotini, akashika shina moja la mpunga, akalitazama kama daktari. Masuke yalikuwa mazito, na yalikuwa yamenyeshewa siku mbili. Upepo wa tano ulitosha. Njiani tukirudi aliniambia kwamba hasara ni mtoto wa wazazi wawili: upepo, na kile kitu ulichokikuta. Ukimjua mzazi mmoja tu, hujamjua mtoto. Nilikubali kwa kichwa, kama mtu anavyokubali jambo ambalo halijamuuma.

Mzee alistaafu, nikaachiwa kituo. Lililonipata lilinipata katikati ya miaka ya sabini, mwezi wa nne, msimu wa mvua ndefu.

Kulikuwa na shule moja ya msingi kwenye matuta ya chini ya Nyandarua. Sitaitaja jina, kwa sababu watu wake wapo. Alasiri moja mvua ya mawe iliikuta ikiwa na darasa jipya ambalo halijamaliza hata mwaka. Paa la darasa hilo liliinuka, likavuka uwanja na kuanguka vipande vipande kwenye shamba la jirani. Watoto walikuwa wameshaingia chini ya madawati, kwa amri ya mwalimu wao, Mwalimu Nekesa, mama mmoja mtulivu kutoka Bungoma. Hakuna mtoto aliyeumia zaidi ya mikwaruzo. Yeye mwenyewe alibaki amesimama akihesabu vichwa, na bati moja likamkata mkono wa kulia. Hospitalini waliukata juu kidogo ya kiwiko.

Mimi siku hiyo nilikuwa kituoni. Kwetu kulinyesha kawaida, na upepo ulivuma kiasi cha kupeperusha karatasi. Niliandika nguvu ya nne, nikaenda nyumbani.

Wiki mbili baadaye ilikuja barua ya polisi. Aliyejenga lile darasa, Fundi Gachanja, alikuwa amekamatwa. Watu walisema alikuwa ameiba misumari mirefu ya shule na kupigilia mifupi. Barua iliuliza jambo moja: siku fulani, alasiri, upepo ulikuwa na nguvu gani? Nilifungua daftari. Nikajibu kwa mstari mmoja: nguvu ya nne, maili kumi na tano kwa saa. Nikatia sahihi na muhuri. Nilijivunia unadhifu wa jibu lile. Fundi alipelekwa mahakamani, akarudishwa rumande kungoja kesi, na barua yangu ikawekwa kwenye faili yake.

Mwezi wa pili wa rumande, mama mmoja aliingia kituoni asubuhi, ameshika viatu mkononi kwa sababu ya matope. Alisimama kwenye nyasi, pale pale niliposimamishwa mimi, akatazama vikombe vikizunguka.

"Ni wewe Mutisya?"

"Ndiyo, mama. Karibu."

"Mimi ni Mama Wangeci. Bibi ya Gachanja." Akanigeukia. "Ni wewe uliandika ati hakukuwa na upepo?"

"Sikuandika hivyo. Niliandika kulikuwa na upepo wa nguvu ya nne. Hapa kituoni."

"Na pale kwetu?"

"Pale kwenu sikuwa."

"Kama hukuwa, mbona uliandika?"

Nilianza kumweleza kwamba polisi waliuliza, na kazi yangu ni kujibu kutoka kwenye daftari, na kwamba nguvu ya nne ni upepo wa kuinua vumbi na karatasi. Alinisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu. Kisha akasema, "Mimi nilikuwa. Niliona mti ya saipresi ikivunjika katikati kama muwa. Hiyo ni upepo ya karatasi?"

Aliondoka bila kungoja chai. Nilisoma vipimo vya saa sita, na ilibidi nivisome mara mbili.

Mchana nilikwenda Majengo. Mzee Athumani alikuwa ameketi barazani na mguu mmoja juu ya kiti, ule wenye maumivu ya baridi. Nilimsimulia yote, nikamaliza kwa kusema kwamba daftari langu halikuwa na kosa.

"Halina," alisema. "Daftari limesema kweli juu ya nyasi zetu. Wewe ndiye uliyelipeleka mahali ambapo halijafika."

"Waliuliza, Mzee."

"Waliuliza kwa sababu hawajui. Wewe ulijibu na unajua. Kutoka kituoni mpaka ile shule ni matuta mangapi?"

"Sita. Saba."

"Mvua ya mawe inaweza kunyesha kwenye tuta moja na tuta la pili watu wanaanika kahawa. Hukujua hilo?"

Nilijua. Nilijua tangu mwaka wangu wa kwanza. Alisugua goti lake, akanionea huruma kidogo.

"Mimi siwezi kupanda huko tena. Nenda wewe. Lakini usianze na paa. Ukianza na paa utaona unachotaka kuona. Anza na miti ya mbali, uje ukikaribia."

Nilikwenda Jumamosi, kwa baiskeli mpaka barabara ilipokataa, kisha kwa miguu. Mama Wangeci, niliyekuwa nimemtumia habari, alinikuta kwenye duka la njia panda, naye mwalimu mkuu akaungana nasi. Tatizo la kwanza lilikuwa kwamba mashahidi wangu walikuwa wamegeuka kuni. Miezi miwili si kidogo. Miti yote iliyoanguka ilikuwa imekatwa na kubebwa. Nilitaka kukata tamaa, mpaka nilipokanyaga shimo na kujikwaa. Lilikuwa shimo la mizizi. Mti ukianguka huinua udongo upande mmoja na kuufinya upande wa pili. Hata ukibebwa, shimo linaonyesha ulilala kuelekea wapi. Tangu hapo tulitafuta mashimo. Mama Wangeci aliyajua yote, la huyu na la yule, na mwalimu mkuu alishika kamba nami nikachora mishale kwenye daftari.

Kufikia saa nane mchoro ulikuwa umejieleza. Mishale haikwenda upande mmoja, wala haikuzunguka. Ilitawanyika kama vidole vya mkono uliokunjuliwa, yote ikitoka kwenye bonde dogo juu ya shule. Mama Wangeci aliuliza maana yake ni nini.

"Ukimwaga karai la maji kutoka juu, yakifika sakafuni yanafanyaje?"

"Yanaruka kila upande."

"Hewa pia. Mvua ya mawe ilishuka na hewa baridi, nzito, ikapiga pale bondeni, ikaruka. Shule ilikuwa kwenye njia yake. Dakika tano, labda kumi. Halafu imekwisha, na sisi kule mjini hatukujua."

Miwati sikuihesabu. Lakini mikima minne mizima, ile miti mirefu ya kivuli cha kahawa, iling'oka, na lile saipresi, kisiki chake kilikuwa kimevunjika juu kuliko kimo changu, mbao mbichi, safi, bila kuoza. Bati moja lilikuwa bado limejifunga kwenye shina la mti hatua mia mbili kutoka darasani, kama kanga kiunoni. Nguvu ya kumi, niliandika, kwa mapigo. Mapigo ni ile mivumo ya ghafla, ambayo inaweza kuupita wastani wa saa mara mbili na zaidi.

Ndipo nikaenda kwenye paa.

Jambo la kwanza nililoliona lilinifurahisha. Vipande vilivyokuwa vimerundikwa nyuma ya ofisi bado vilikuwa mabati juu ya mbao. Misumari ilikuwa mahali pake, mirefu, na vifuniko vyake. Kama ingekuwa mifupi, mabati yangetoka moja moja na mbao zingebaki juu. Hapa paa zima lilikuwa limeinuka kama kifuniko cha sufuria. Madirisha ya upande wa bonde hayakuwa na vioo. Upepo uliingia ndani ukasukuma kutoka chini, huku ule wa juu ukinyonya. Wizi wa misumari haukuwepo.

Jambo la pili halikunifurahisha. Juu ya ukuta, kenchi, zile mbao za kubeba paa, zilitakiwa kufungwa kwa hupu aini, ule mkanda mwembamba wa chuma unaojengewa ndani ya mawe. Ukuta wa upande wa barabara ulikuwa nayo, imekatika kwa kuvutwa. Ukuta wa upande wa bonde haukuwa nayo. Kulikuwa na waya, wa aina ya kufungia ua, umezungushwa mara mbili na kukatika.

Nilikaa juu ya jiwe na kuutazama ule waya muda mrefu. Mama Wangeci alinijia.

"Umeona nini?"

Ningeweza kusema sijaona kitu. Hakuna aliyeniuliza juu ya waya. Polisi waliuliza upepo. Nilimwambia.

Aligeuka akatazama ukuta. "Aliniambia," alisema polepole. "Chuma iliisha, mvua ilikuwa karibu, na kamati inataka darasa ifunguliwe. Akasema atarudi aweke." Akavuta pumzi. "Hakurudi."

"Nikienda mahakamani kusema juu ya misumari, itabidi niseme na hili."

"Kwa hiyo atafungwa?"

"Sijui."

"Mwalimu alipoteza mkono," alisema. "Andika yote. Lakini andika yote. Usiandike tena nusu."

Kabla ya kesi nilikwenda kumwona Mwalimu Nekesa nyumbani kwake. Nilidhani nitamfariji kwa kumweleza habari za hewa baridi na mapigo ya upepo. Alikuwa anajifunza kuandika kwa mkono wa kushoto, herufi kubwa kama za watoto wake.

"Bwana Mutisya," alisema, "mimi namba ya upepo haitanisaidia. Mwezi wa tisa nataka kurudi darasani. Niambie kitu kimoja. Hilo paa jipya wanaloweka, litakaa?"

"Sijalitazama."

"Basi ukimaliza na mahakama, nenda ulitazame."

Kesi ilisikilizwa katika mahakama moja ya hakimu. Fundi Gachanja alisimama kizimbani, mwanamume mpana aliyepungua, shati likimning'inia. Kiongozi wa mashtaka alishika barua yangu kwa vidole viwili.

"Hii ni sahihi yako?"

"Ni yangu."

"Hapa umesema nguvu ya nne. Leo unasema nguvu ya kumi. Tukuamini siku gani?"

Watu wakacheka. Nilishika ukingo wa kizimba. "Mheshimiwa, barua ni ya kweli kwa kituo, na mimi nilikosea kuitoa kama jibu la shule. Mashine yetu inahesabu upepo wa masaa matatu na kuugawa. Lori likitoka Karatina mpaka Nyeri kwa saa moja, utajua mwendo wake wa wastani. Hutajua lilivyokimbia kwenye mteremko. Na hilo ni lori lililopita mbele yako. Lile la shule halikupita kwangu hata kidogo."

Hakimu aliacha kuandika. "Tofauti ya nne na kumi ni kubwa kiasi gani? Ni mara mbili na nusu?"

"Hapana, mheshimiwa. Namba za jedwali ni za kutambulia tu. Nne ni kama maili kumi na tano kwa saa, kumi ni kama sitini. Mwendo ni mara nne. Lakini upepo ukizidisha mwendo mara mbili, msukumo wake unakuwa mara nne. Ukizidisha mara nne, msukumo unakuwa mara kumi na sita."

Aliniambia nirudie. Nikarudia. Akaandika. Sikusikia mtu akicheka tena.

Nikaeleza mashimo, saipresi, misumari. Niliona mabega ya Gachanja yakishuka kwa nafuu. Kisha nikasema, bila kuulizwa, kwamba ukuta wa upande wa bonde ulifungwa kwa waya, na kwamba waya ule, kwa maoni yangu, usingevumilia hata upepo wa tisa. Hakimu akauliza kama hupu aini pande zote ingelizuia paa. Nilisema sijui kwa hakika. Kanisa la mbao lililo jirani, paa lake lilifungwa kwa mkanda huo kila upande, na lilipoteza mabati matatu tu. Zaidi ya hapo nisingeweza kuapa.

Gachanja alinitazama. Sikuweza kuyasoma macho yake, nami sikuyakimbia.

Shtaka la wizi lilifutwa. Kwa uzembe alihukumiwa miezi minne, na minne alikuwa ameshaimaliza rumande. Alitoka siku hiyo hiyo. Mlangoni alipita karibu yangu bila salamu, na mkewe akanipa mkono kwa niaba ya wote wawili, haraka haraka, kama mtu anayemtilia mgeni chai huku jikoni kunaungua.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda kulitazama paa jipya, kama nilivyoagizwa. Gachanja alikuwa juu yake. Hakuna aliyemwajiri, kamati ilikuwa imechukua fundi mwingine. Alikuwa na koleo na furushi la hupu aini, anafunga kenchi moja baada ya nyingine, upande wa bonde.

"Shika hiyo ngazi," alisema.

Nikaishika. Baada ya nusu saa akaongea tena, bila kunitazama. "Ungenyamaza juu ya ile waya, ningetoka siku ile ile vile nilitoka."

"Najua sasa. Wakati ule sikujua."

"Hata mimi." Alikaza mkanda mwingine. "Ungenyamaza, hii singekuja kufanya."

Hayo ndiyo maneno ya msamaha niliyopata, kama yalikuwa ya msamaha. Baadaye tulizoea kwenda pamoja Jumamosi moja moja, shule hii na ile, mpaka Kangari kwenye mashamba ya chai, yeye akitazama kuta nami nikitazama miti na mabonde. Hatukuwa na barua ya mtu yeyote. Walimu wakuu wengine walitufukuza. Wengi walileta ngazi. Nilimpa nakala ya jedwali la Mzee Athumani, naye akaongeza mstari wake kwa penseli, juu ya jinsi kenchi inavyolia kabla haijaachia. Mstari huo ni bora kuliko yote niliyoandika mimi, na mtaukuta kwenye faili la kijani.

Mwalimu Nekesa alirudi mwezi wa tisa. Siku ya kwanza, mwalimu mkuu aliniambia, alisimama mlangoni akatazama juu kwa muda, kisha akaingia na kuandika tarehe ubaoni kwa mkono wa kushoto.

Miaka mingi ikapita. Alasiri moja ya mwezi wa nne niliona wingu jeusi lenye kingo za kijivu likikaa juu ya matuta yale. Kituoni kwetu kulikuwa shwari, moshi wa jikoni ukipanda wima. Asubuhi iliyofuata nilimwachia msaidizi wangu vipimo, nikapanda huko. Mikima miwili ilikuwa chini njiani, na mawe ya barafu bado yalikuwa yamerundikana kivulini mwa ua. Nilitembea haraka kuliko umri wangu ulivyoruhusu.

Paa lilikuwapo. Gachanja alikuwa ameshafika, amepanda ngazi, anagonga mikanda kwa nyundo mmoja mmoja, sikio likiwa karibu na ukuta.

"Ilikuwa ngapi?" akaniuliza kutoka juu.

Nilitazama mikima, nikatazama matawi yaliyotapakaa uwanjani. "Nane. Labda tisa, mapigo yake."

"Tisa!" alisema kwa sauti kubwa. "Na hata msumari moja haijatoka. Mutisya, kuja uone hii. Kuja uone!"

Nilipanda ngazi mpaka nikawa sawa naye, tukaanza kubishana kama ni nane au tisa, wazee wawili kwenye ngazi moja. Ndani darasa zima lilikuwa linasoma hesabu kwa pamoja. Mwalimu Nekesa alikuja dirishani, akatutazama kwa jicho la mwalimu, akasema tunawasumbua watoto, akafunga dirisha.